Maswali ya Maji: Mto Nao Una Fungu Lake

Barua zimekuwa nyingi tangu kiangazi kianze kukaza. Nyingi zinalalamikia jambo lile lile: maji yamepungua au yamechafuka, na kila mtu anamnyooshea kidole jirani wa juu yake. Nimechagua tano. Kwa wanaosoma safu hii mara ya kwanza, mimi ni fundi sanifu wa maji mstaafu. Kazi yangu ya miaka mingi ilikuwa kupima mito inayoingia Ziwa Victoria upande wetu wa Tanzania. Sijibu kwa niaba ya ofisi yoyote.

*

*Shikamoo mama. Ninalima nyanya na mchicha kando ya Mto Nyashishi, nusu ekari, kwa pampu ndogo ya petroli. Viongozi wa kijiji wametuambia tuache mita 60 kutoka mtoni. Shamba langu lote limo ndani ya hizo mita 60, na ada za watoto zinatoka kwenye nyanya hizo hizo. Sheria hiyo ipo kweli, au wanataka kutuondoa sisi wadogo wenye mapampu makubwa wabaki?* — Mkulima, Nyashishi

Marahaba mwanangu. Sheria ipo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru uhifadhi, ndani ya mita 60 za kingo za mto, ziwa na bwawa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inakazia ulinzi huo. Wala haibagui mwenye pampu ya inchi mbili na mwenye pampu ya inchi sita. Ukiona wewe umeondolewa na mwenye pampu kubwa amebaki palepale, hapo umeonewa, na una haki ya kwenda kulalamika kwenye ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria hapa Mwanza.

Lakini nataka ujue kwa nini mita hizo ziliwekwa, maana mtu akiambiwa "ni sheria" tu, usiku atarudi na jembe. Fanya hivi. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha usiku, asubuhi chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, chota maji mtoni, weka dirishani hadi kesho yake. Nilifanya hivyo mara nyingi kwenye Mto Simiyu, kule Magu, kwa sababu kupima tope ilikuwa sehemu ya kazi yangu. Chini ya chupa hutuama tabaka la udongo mweusi wa mbuga, laini kama unga wa muhogo. Juu yake maji hubaki na rangi ya chai ya maziwa hata siku mbili zikipita, kwa kuwa chembe nyingine ni ndogo mno hata kuzama haziwezi. Huo mweusi ni shamba la mtu. Ndiyo samadi aliyoitia, ndiyo mbolea ya dukani aliyokopa, imeondoka usiku mmoja na sasa iko safarini kwenda Ghuba ya Speke. Ikifika ziwani inaendelea kurutubisha, ila haikuzi nyanya tena. Inakuza gugumaji na ule uozo wa kijani ambao dada wa Kayenze ameniandikia hapa chini.

Ukingo wenye matete, mafunjo na nyasi zilizoshikana hupunguza kasi ya maji yanayotoka shambani, na tope huachwa pale pale. Ukingo uliolimwa hauna cha kuzuia. Tena humomonyoka wenyewe. Utaona mto unapanuka, unakuwa wa kina kifupi, jua linaupiga, na mwezi wa tisa unakuta madimbwi yaliyoachana badala ya mto.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hamjaambiwa. Sheria hiyo ya 2009 imepanga nani anapewa maji kwanza. Wa kwanza ni binadamu kwa matumizi ya nyumbani. Wa pili ni mto wenyewe, yaani maji yanayotakiwa yabaki yakitiririka ili samaki, mimea, ardhi oevu na viumbe wote wanaoutegemea wasife. Kilimo, viwanda, migodi na mengineyo yanagawana kinachobaki baada ya hayo mawili. Kwa hiyo mto nao una fungu lake, na fungu hilo limetangulia la kwako, la kiwanda na la mgodi. Mimi naamini hiki ndicho kipengele bora kuliko vyote katika sheria zetu za maji. Naumia kuona kinakaa kabatini wakati mapampu sita yamejipanga kwenye dimbwi moja.

Nini ufanye? Kwanza, pampu yako inaweza kusukuma maji mita 60 na zaidi. Unachohitaji ni mpira mrefu, si shamba la ukingoni. Nenda serikali ya kijiji uombe kukodi au kubadilishana eneo lililo nyuma ya mstari. Kiongozi anayepaka alama nyekundu kwenye shamba la mtu bila kumwonyesha pa kwenda hajamaliza kazi yake, na hilo nalisema wazi. Pili, kipande cha ukingoni kiache kiote nyasi. Kwa jirani zako wengine nimeona mabingobingo yanakatwa kwa ng'ombe wa maziwa bila ardhi kuguswa jembe. Muulize kwanza afisa wa bonde kama kwenu anakubali, akikubali utapata senti humo. Usipande mikaratusi. Inakunywa maji kuliko unavyodhani.

Tatu, kibali. Anayechota kwa ndoo kwa ajili ya nyumbani hahitaji kibali, ila anayevuta kwa pampu kumwagilia mazao ya kuuza anahitaji kibali cha kutumia maji. Najua gharama na safari zinawatisha. Ndiyo maana nawashauri wakulima wa mto mmoja waunde jumuiya ya watumia maji, waombe pamoja, kisha wapangiane zamu. Mkiwa na zamu, nyanya zinamwagiliwa alfajiri na jioni wakati jua halinyang'anyi nusu ya maji, na hakuna anayeamka usiku kuvizia. Wekeni matandazo ya nyasi kavu kwenye matuta, mtashangaa udongo unavyokaa na unyevu.

Na kitu kimoja kidogo ambacho nakuomba sana: bomba la kupulizia dawa usilisuuzie mtoni. Nimewaona vijana wakifanya hivyo, hatua ishirini juu ya mahali akina mama wanapochota maji. Suuza shambani, mwaga maji hayo juu ya mimea uliyokwisha kuipulizia. Pampu nayo iweke juu ya turubai au karai, mafuta yasichuruzike.

*

*Dada, kuna majira maji ya hapa mwaloni yanakuwa kijani kibichi kama rangi iliyomwagwa, na yananuka. Tunachemsha ndipo tunakunywa. Watoto wakiogelea wanawashwa. Kuchemsha kunatosha?* — Mchuuzi wa dagaa, Kayenze

Hakutoshi, mdogo wangu, na naomba uwaambie wenzako leo hii. Kijani hicho ni viumbe vidogo sana vinavyoishi kwa jua na mbolea iliyomo majini. Baadhi ya aina zake hutengeneza sumu inayodhuru ini. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, kwa hayo endelea kuchemsha, lakini sumu hii haiondoki kwa moto. Ukichemsha, chembe hizo hupasuka na sumu iliyokuwa ndani yake inatoka nje. Klorini ikitiwa kwenye maji ambayo bado ni ya kijani hufanya vivyo hivyo.

Siku ambazo utando huo wa kijani umetanda, msichote ufukweni kabisa. Upepo huusukuma na kuulundika kwenye vighuba, ndiyo maana mwaloni unakuwa mbaya zaidi kuliko katikati ya ziwa. Maji ya bomba au ya kisima kirefu ndiyo salama, hata kama ndoo inauzwa. Kama hakuna njia kabisa, mtumbwi uende mbali panapoonekana maji meupe. Mkirudi, tieni shabu, acheni yatulie, mimineni ya juu polepole kwenye chombo kingine bila kutibua, ndipo muweke dawa au mchemshe. Hiyo inapunguza hatari, haiifuti. Watoto wasiogelee, na mifugo isinyweshwe hapo.

Kuwashwa kunaweza kuwa kwa kijani hicho, na kunaweza pia kuwa kichocho, ambacho kimejaa mwambao wetu kuanzia Sengerema hadi Ukerewe. Konokono wanaokibeba hupenda maji yaliyotulia penye majani. Wapelekeni watoto kituo cha afya wakapimwe, dawa ipo.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua yako ndefu, nani anayeleta mbolea hiyo ziwani. Watu hutaja viwanda haraka. Lakini waliopima wamekuta kwamba sehemu kubwa ya fosforasi inayoingia Ziwa Victoria inaanguka kutoka angani pamoja na vumbi na majivu, nyingine inaletwa na mito yenye tope. Tunapochoma mbuga kila kiangazi ili majani mapya yaote, moshi ule hauishii hewani. Unarudi ziwani.

*

*Mtaani kwetu kuna kiwanda ambacho usiku kinafungulia maji mekundu yenye mafuta kwenye mfereji unaoingia ziwani. Harufu inatuamsha. Tatizo ni kwamba nusu ya mtaa ni vibarua hapo. Tukisema, tutakosa kazi. Tufanyeje?* — Mkazi, Ilemela

Ndugu yangu, hofu yenu naielewa na siichukulii kwa wepesi. Kula kwanza.

Kiwanda chochote kinachotiririsha majitaka kwenye mto au ziwa kinatakiwa kiwe na kibali cha kutiririsha, na maji yenyewe yawe yamesafishwa kufikia viwango. Kipimo kimoja ni hamu ya oksijeni, yaani kiasi cha oksijeni ambacho uchafu utanyonya majini wakati unaoza. Kwa majitaka yanayoachiwa nje, kanuni zetu zinataka kisizidi miligramu 30 kwa lita. Damu na mafuta ya samaki yasiyopitishwa kwenye mabwawa ya kusafishia yanazidi kiwango hicho mara nyingi sana. Yakifika ziwani, bakteria wanayashambulia, oksijeni inaisha pale karibu na ufukwe, na vifaranga vya sato wanaokua kwenye matete ndio wa kwanza kufa. Mvuvi anarudi na wavu mtupu, kiwanda nacho kinalia hakuna samaki.

Msikimbilie kubeba mabango. Anzeni na daftari. Andikeni tarehe, saa, rangi ya maji, harufu, mvua ilinyesha au la. Pigeni picha mfereji mkiwa sehemu ya wazi, msiingie eneo la mtu. Baada ya wiki kadhaa mtaona mpangilio, na mpangilio huo ndio utakaomwezesha mkaguzi kuja saa inayofaa, maana sampuli inayokubalika ni ile atakayoichukua yeye, si chupa yenu. Mwenyekiti wa mtaa apeleke barua ya wakazi kwa Bodi ya Maji ya Bonde na kwa NEMC, taasisi ya serikali inayosimamia mazingira, ambayo ina ofisi ya kanda hapa Mwanza. Barua ikiwa ya mtaa mzima, hakuna kibarua mmoja wa kunyooshewa kidole. Ombeni pia kikao na uongozi wa kiwanda. Wapo mameneja wanaosikia, hasa wakikumbushwa kwamba mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya habari za wavuvi kutumia sumu. Soko lilifungwa kwa wote, waliokosa na wasiokosa.

Na sisi wa majumbani tusijitoe. Mvua ikinyesha Mwanza, kuna watu wanatapisha vyoo. Kila mtu anajua, Mto Mirongo unayabeba yote hayo kupitia katikati ya jiji hadi ziwani. Milima yetu ni mawe matupu, shimo la choo halichimbiki, na gari la kunyonya majitaka halipandi. Kwa hiyo silaumu umaskini. Nalaumu kunyamaza pale ambapo suluhisho lipo: mabomba membamba ya majitaka yaliyopitishwa kati ya nyumba huko Igogo na Kilimahewa yanafanya kazi milimani. Mitaa mingine iyadai kwa nguvu ile ile mnayodai kiwanda kifunge mfereji.

*

*Shikamoo bibi. Mwalimu alisema maji ya ziwa yanapelekwa Shinyanga hadi Tabora. Ziwa halitakauka? Na mbona sisi tunaoliona ziwa dirishani tuna mgao?* — Mwanafunzi, Nyegezi

Marahaba mjukuu wangu. Chukua kalamu.

Ziwa lina eneo la kilomita za mraba kama 68,800. Kina cha milimita moja tu cha ziwa zima ni mita za ujazo milioni 68.8. Mtambo wa Capripoint umejengwa kuzalisha lita milioni 90 kwa siku na ule mpya wa Butimba lita milioni 48, jumla mita za ujazo 138,000. Gawanya. Utaona jiji la Mwanza, mitambo hiyo miwili ikifanya kazi usiku na mchana, lingehitaji karibu siku 500 kumaliza milimita moja. Mtambo wa Ihelele kule Misungwi, unaopeleka maji Shinyanga, Kahama, Nzega, Igunga na Tabora, haubadilishi hesabu hiyo kwa kiasi cha kutisha. Jua peke yake linachukua takriban milimita nne kila siku.

Anayelipandisha na kulishusha ziwa ni mvua. Karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia huanguka moja kwa moja juu ya ziwa, mito yote kuanzia Kagera inaleta kilichobaki, na kiasi hicho hicho cha asilimia 80 hivi hupotea kwa jua. Mengine hutoka Jinja, Uganda, kupitia Mto Nile, ambako kuna mabwawa ya umeme. Mwaka 2005 na 2006 ukame ulikutana na maji mengi kufunguliwa Jinja, ziwa likashuka hadi mitumbwi ikakwama kwenye tope mbali na mialo. Mwaka 2020 mvua ilizidi, likapanda likaipita rekodi ya mwaka 1964, nyumba na mialo vikamezwa. Ndiyo maana nchi zinazolizunguka zina chombo cha pamoja, Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, makao yake Kisumu. Ukikua ukapenda hesabu, nenda kasomee haidrolojia. Watu wa kazi hiyo hawatoshi.

Kinachoweza kutuharibia ziwa ni uchafu kuliko kiu ya Tabora. Na watu wa Tabora nao ni watu. Wamechota kwenye visima vya chumvi na madimbwi kwa vizazi.

Mgao wenu ni jambo jingine. Maji lazima yasafishwe, yasukumwe kwa umeme, yapande mlima, yapite kwenye mabomba ambayo mengine yamezeeka na yanavuja. Jiji limekua haraka kuliko mabomba. Ukiona bomba linavuja njiani, toa taarifa kwa mamlaka ya maji siku hiyo hiyo. Maji yale yamekwisha kusafishwa na kulipiwa umeme.

*

*Mwangaluka mayu. Lambo letu huku Kwimba limejaa tope. Mwezi wa saba linakauka, ng'ombe wanatembea hadi kijiji cha jirani na sungusungu wanaamua ugomvi kila wiki. Tumechanga hela ya kukodi katapila lichimbe. Tuendelee?* — Katibu wa lambo

Mwangaluka. Subirini kidogo na hiyo hela. Katapila likichimba mwaka huu na huko juu hamjagusa kitu, tope litarudi lile lile, na michango ya pili huwa migumu kupatikana kuliko ya kwanza.

Tembeeni na wazee kuanzia lamboni kupanda juu, kufuata njia ya maji, mpaka mfike mgongo wa kilima. Mtakuta mambo matatu au manne: njia ya ng'ombe iliyogeuka korongo, shamba la pamba lililolimwa kufuata mteremko, mahali ambapo miti imekwisha. Hapo ndipo tope linapozaliwa. Njia ya ng'ombe ihamishwe, korongo liwekwe vizuizi vya mawe na katani. Wenye mashamba wageuze matuta yakingame mteremko. Sehemu ya juu itengwe iwe ngitili, yaani malisho yanayofungwa ili nyasi zipumzike. Hili halihitaji mtaalamu kutoka mbali, wazee wetu walikuwa wakitenga ngitili kwa ajili ya malisho ya kiangazi muda mrefu kabla ya mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga kuanza mwaka 1986 na kuzifufua kwa wingi. Nyasi zikipumzika misimu miwili utaona tofauti kwenye maji yanayoshuka.

Halafu ng'ombe wasiingie lamboni. Zungusheni uzio wa minyaa, tegeni bomba kupitia chini ya tuta, mjenge mbauti nje ya uzio wanyweshewe hapo. Kwato ndizo zinazobomoa kingo, na mavi ndiyo yanayofanya maji yasifae hata kufulia. Juu ya lambo chimbeni shimo la kudaka tope kabla halijaingia. Shimo hilo mtalisafisha wenyewe kwa majembe kila mwaka, katapila halitahitajika.

Hela ya katapila igawanyeni: bomba, saruji ya mbauti na mbegu za nyasi kwanza. Kinachobaki kiwekwe benki hadi masika mawili yapite, ndipo mchimbe. Kuhusu kijiji cha jirani, waiteni kwenye mkutano huo wa kutembea juu. Kama nusu ya kilima ni yao, nusu ya tope lenu ni lao, na mkataba wa kunyweshea wakati wa kiangazi uandikwe siku hiyo hiyo mbele ya watendaji wa vijiji vyote viwili, kila upande ubaki na nakala yenye mihuri.